Kiti cha Nyuma cha Ndeke ya Mulumba

Mama Marthe alijua kufunga nyavu kuliko alivyojua kupika, na kupika alijua sana. Pale Kashikishi, mjini Nchelenge, upande wa chini wa soko ambapo chisense, dagaa wa ziwa lile, wanaanikwa mpaka mchanga wote unang'aa kama sarafu, kila mwenye mtumbwi alimletea nyavu zake mpya. Zilitoka dukani zimekunjwa ndani ya mfuko, laini kama nywele, bila kamba wala maboya, na yeye ndiye aliyezigeuza kuwa nyavu za kweli. Alikaa chini miguu imenyooka, kamba ya juu ameifunga kwenye kidole gumba cha mguu, sindano ya mti mkononi, na mafundo yalifuatana huku yeye akipiga maneno na jirani bila kuyaangalia. Kazi hiyo alitoka nayo Lukonzolwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo, siku vita vilipomvusha huku na sufuria mbili na mjukuu mgongoni.

Kurudi hakutaka. Watu walimuuliza sana, na jibu lake lilikuwa moja: nyumba imechomwa, mume amezikwa, shamba lina wenyewe wengine, arudi kufanya nini? Lakini kulikuwa na kitu alichokitaka, na alikisema mbele ya kila mtu bila haya. Alitaka kuuona mlima ulio nyuma ya kwao. Kuuona tu kwa macho, halafu aendelee na kazi yake. Ni mlima wenye pengo katikati, kama mdomo wa mtoto aliyeng'oka jino, na Mama Marthe alikuwa ameamka akiutazama kila asubuhi tangu alipozaliwa. Kutoka Nchelenge hauonekani. Ukisimama ufukweni unaona maji, halafu maji tena, na siku anga likiwa safi unaona Kisiwa cha Kilwa kimejilaza kule mbali, na nyuma yake ni ukungu tu.

Kwa hiyo Papa Mulumba aliposema kwamba ndege yake itakuwa na kiti cha nyuma, Mama Marthe aliacha sindano.

Huyu Papa Mulumba alikuwa mekanisyen, fundi wa ndege, kwanza Lubumbashi, baadaye Ndola, mpaka nywele zikawa nyeupe. Alipoacha kazi alimfuata mke wake kwao Nchelenge. Wanaume wengine wakipumzika wanafuga bata. Yeye alianza kutengeneza ndege. Na hakuchagua ndege ya sasa yenye bawa moja na kioo mbele. Alichagua ya zamani, ya kabla ya vita vikubwa vya pili vya wazungu, yenye mabawa mawili kila upande, juu na chini, na watu wawili ndani yake wanapigwa upepo usoni. Waingereza waliiita Hart, jina la kulungu dume. Aliipunguza kidogo ili injini ndogo iweze kuibeba, akaunga mifupa yake ya mabomba mwenyewe, na mbavu za mabawa akazichonga kwa mbao nyembamba kama rula ya shule. Ilibaki kuivika nguo. Mabawa ya ndege za aina ile hayakuwa ya bati. Yalikuwa ya kitani, yameshonwa kwa uzi na sindano.

Paa lililokuwa refu la kutosha mabawa yale lilikuwa moja tu Kashikishi yote, nalo ni la hanga, banda la nyavu la Ba Lackson. Ba Lackson alikuwa mwenye mitumbwi, mzaliwa wa Kabuta, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji. Kwa Mama Marthe alikuwa mteja wa zamani na mgomvi wake wa kila siku, kwa vile wote wawili walipenda kugombana na hawakuwa na mwingine aliyejibu vizuri.

"Mwenye kushona mabawa," Papa Mulumba alisema siku ile walipoingiza mbao ndani ya hanga, "kiti cha nyuma ni chake. Siku ya kwanza ndeke inaruhusiwa kubeba mutu, njo yeye anapanda. Tutaenda mpaka juu ya Kilwa na kurudi."

"Kutoka juu ya Kilwa, milima ya ng'ambo inaonekana?" Mama Marthe aliuliza.

"Inaonekana bila shida, mama. Kutoka kule juu, ni kama iko mu mukono."

"Alors, basi, nashona mi."

"Awe, hapana!" Ba Lackson aliingilia. "Na mwenye hanga, mukwai, anapata nini?"

"Mwenye hanga anapata asante."

"Asante haipandi juu, Ba Mulumba. Mimi nataka kuona mitumbwi yangu kutoka mbinguni, nijue nani analala kazini."

"We na tumbo ile?" Mama Marthe alimwambia. "Ndeke itakaa chini kama kuku anayelalia mayai."

Watu walicheka, naye Ba Lackson alicheka kuliko wote. Lakini kila asubuhi tangu siku hiyo alipita hangani kukitazama kile kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wake.

Mama Marthe alimchukua Brigitte amsaidie. Brigitte alikuwa jirani yake, mwenzake wa kwaya, mwembamba, mwenye maswali mengi. Papa Mulumba aliwaonyesha kazi: unashona kitani kama foronya ya mto, unaivisha bawa lote, unafunga mdomo wake, halafu kwa sindano ndefu unapitisha uzi uliopakwa nta kutoka juu kwenda chini, unazunguka ubavu, unafunga fundo, unasogea upana wa kiganja, unafunga lingine. Alipowaonyesha lile fundo, Mama Marthe alimtazama.

"Hii ni fundo yangu."

"Njo ile ile ya wavu, karibu yote. Sasa unaelewa sababu gani nilikuya hapa kwenu."

Basi wakawa wanashona, na Papa Mulumba, huku akipiga msasa mbavu zilizobaki, aliwasimulia habari za ndege hiyo, kwa sababu mwanamume huyo hakuweza kunyamaza karibu na kitu anachokipenda.

"Waingereza banasema: tunataka ndeke ndogo ya kubeba mabomu muchana, lakini ikimbie sana. Bafundi banachora, banatengeneza, inaruka. Mambo! Inakimbia kupita zile ndeke zingine zenye zilitengenezwa kwa kukimbiza adui. Bakifanya mazoezi, bakimbizaji banabaki nyuma, banakula moshi."

"Sasa bakafanya nini?" Brigitte akauliza.

"Bakachukua hii hii, bakaitia bunduki mbele, bakaigeuza kuwa mukimbizaji. Kukamata Hart, ulihitaji ndugu yake Hart."

"Na huyu wa nyuma kazi yake nini?"

"Wa nyuma anasimama na bunduki, analinda mukia. Wakati wa kutupa mabomu, anashuka, analala juu ya tumbo chini ya kiti cha dereva, anachungulia pa tundu."

Sindano ya Mama Marthe ilisimama katikati ya bawa.

"Papa Mulumba. Anatupa mabomu kwa nani?"

Papa Mulumba aliacha msasa. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Kwa batu, mama. Kule India, mu milima ya mupaka, ilitupia batu wa vijiji. Afrika ya Kusini walitengeneza ya kwao, ikapigana kule upande wa Ethiopia."

Nje watu wa sokoni walikuwa wakibishana kwa Kibemba. Mama Marthe alichoma sindano kwenye kifua cha blauzi yake, akainuka, akatoka nje. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akakaa kweli. Mtu aliyekimbia milio ya silaha usiku, na mjukuu akimlilia shingoni, hawezi kusikia neno bomu na kuendelea kuvuta uzi kana kwamba ameambiwa bei ya vitunguu. Brigitte alimfuata, lakini hakuuliza swali hata moja, na hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

Baadaye Papa Mulumba alitoka, akachuchumaa mchangani mbele yake.

"Mama, vita yake haikukaa sana. Ndeke mupya zilikuya, za bawa moja, za haraka zaidi, na Hart ikawa muzee. Bakaitia kazi ya kufundisha batoto kuruka, ya kukokota kitambaa kwa kamba ili bengine balenge shabaha, ya kupeleka barua. Kule Sweden bakaivalisha mbao za kutelezea juu ya barafu pahali pa magurudumu. Na hii ya kwangu haina pahali pa kufunga bomu. Sikuitengeneza. Uje uangalie na macho yako."

Mama Marthe akaenda kuangalia. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya bawa lote la chini, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta tundu kwenye wavu. Hakukuta hata kishikizo.

"Inabeba nini, basi?"

"Inabeba mama moja."

"Nipe nta," akasema Mama Marthe, na kazi ikaendelea.

Sasa ilifika siku Papa Mulumba akaondoka kwenda Ndola kutafuta rangi ya kukazia kitani, ile inayonuka kama rangi ya kucha na kuumiza kichwa. Alikawia huko zaidi ya wiki. Huku nyuma Mama Marthe hakutaka kumsubiri. Foronya za mabawa manne zilikuwa hazijakatwa zote, na yeye alikuwa na mkono wake, na mkono una mazoea yake. Mtu wa nyavu anajua hivi: wavu haufungwi umenyooka. Unachukua wavu mrefu unaufunga kwenye kamba fupi, ili uache tumbo, ulegee, upumue ndani ya maji. Wavu uliokazwa ni kama ukuta, samaki anagonga na kurudi zake. Uliolegea unamkumbatia.

Kwa hiyo alikata kitani kwa ukarimu. Alikikusanya kidogo kidogo ukingoni, kipimo kimoja mfululizo, kazi safi ya kupendeza, na kila fundo lilikaa kwenye mstari. Mabawa manne yalipokwisha yalining'inia kutoka kwenye dari ya hanga yamefura, na upepo wa ziwa ulipoingia mlangoni yalijaa, yakashuka, yakajaa tena. Brigitte alipiga makofi. Watu walitoka sokoni kuja kuyatazama.

Papa Mulumba aliingia na makopo yake ya rangi mikononi. Aliyaweka chini polepole. Alilizunguka bawa la kwanza, akalizunguka la pili. Alibana kitani kwa vidole viwili, akakivuta, na kikaja kama ngozi ya shingo ya bibi.

"Mama Marthe," alisema kwa upole sana, "hii ni mabawa ao ni mitego?"

"Ni mabawa. Nimeyaachia tumbo."

"Tumbo ya nini?"

"Ya kukamata upepo! Bila tumbo utakamata na nini?"

Papa Mulumba alikaa juu ya kopo la rangi. "Mama yangu. Upepo hatutaki kuukamata. Tunataka upite. Upite haraka, juu na chini, usikute hata kikunjo moja ya kushika. Bawa inapaswa kukazwa kama ngoma. Ukipiga, iitike."

Mama Marthe aliyatazama mabawa yake. Kwa mara ya kwanza aliyaona kama Papa Mulumba alivyoyaona, na uso ukamwaka moto. Mbaya zaidi, Ba Lackson alikuwa amesimama mlangoni, na kile kicheko chake kilikuwa kimeanza kupanda kutoka tumboni.

"Bamayo! Ulitaka kuvua ndege wa angani?"

"Nyamaza, Papa Lackson."

"Sinyamazi, mukwai. Mapatano ni mapatano. Aliyeshona vizuri anapanda. Wewe umeshona neti ya mbu. Mimi nitaleta vijana wangu, wale wa kuvuta wavu mkubwa. Yanataka kukazwa kama ngoma? Watakaza. Na kiti ni changu."

Papa Mulumba aliwatazama wote wawili. Hakutaka kumuumiza huyu wala kukosana na mwenye paa. Akasema, kitani hakikuharibika, maana kikubwa kinapunguzwa, kidogo ndicho kisichoongezeka. Kwa hiyo mafundo yafunguliwe yote. Mabawa mawili ya kushoto atayavisha Mama Marthe, mawili ya kulia Ba Lackson na watu wake. Atakayevisha vizuri, kiti ni chake.

Kufungua mafundo ni kazi mbaya kuliko kufunga. Mama Marthe na Brigitte walifungua siku nzima na nusu, na Brigitte alikuwa na swali lake.

"Kama Papa Lackson akishinda?"

"Hatashinda."

"Lakini kama akishinda?"

"Brigitte, vuta uzi."

Upande wa pili wa hanga ilikuwa sherehe. Vijana wa Ba Lackson walikuja wamevua mashati. Waliivisha foronya kwenye bawa la juu, wakashika ukingo wote pamoja, watu sita upande mmoja, na mmoja akaanza wimbo wa kuvutia wavu. Walipoitikia, walivuta. Walipoitikia tena, walivuta tena. Kitani kilikaza, kikalia, kikawa ngoma kweli. Ba Lackson akakipiga kidole: ndu!

"Mmesikia? Vuteni ya mwisho!"

Wakavuta ya mwisho. Kah! Kah! Kah! Mbavu tatu zilikatika mfululizo ndani ya bawa kama kuni kavu, na bawa zima likajikunja katikati. Wimbo ukafia hewani. Papa Mulumba, aliyekuwa nje anakunywa chai, aliusikia mlio ule akaingia na kikombe, akakikuta kitani kimetulia juu ya mbavu zilizovunjika.

Alishika tu kiuno akatazama juu, kama mtu anayehesabu mabati ya paa la mwenzake. Ba Lackson, mtu mkubwa vile, alitafuta pa kuweka mikono yake akakosa.

Mama Marthe alimsogelea.

"Mi niliachia mingi, we ulivuta mingi," alimwambia, bila kicheko. "Batu ya maji, wote wawili. Nenda utafute mbao, Papa Lackson, mbavu zitengenezwe. Mi nitafanya hii yote."

Na Ba Lackson alienda. Mbao alizoleta zilikuwa nzuri kuliko za kwanza.

Safari hii Mama Marthe hakuruhusu mkono wake ukimbie. Alikata kitani sawasawa na bawa, akakivisha, akakibana pembeni kwa vibanio vya nguo alivyoazima nyumba kwa nyumba, kwa hiyo siku zile nguo za mtaa mzima zilianikwa juu ya majani. Alivuta kwa viganja tu, kutoka katikati kwenda nje, namna unavyonyoosha shuka kwenye kitanda cha mgonjwa, bila kumgusa mgonjwa. Kila alipofika kwenye ubavu aliuliza kwa kidole gumba: umekaza? Bado. Umekaza? Basi, inatosha. Halafu ndipo fundo. Papa Mulumba alipaka rangi yake, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kitani kikajivuta chenyewe kilipokauka, usiku mzima kikilia tik, tik, kama paa la bati linalopoa. Asubuhi Brigitte alipiga bawa kwa ukucha. Liliitika.

Mkaguzi wa ndege alitoka Lusaka, mwanamke kijana aliyeitwa Suwilanji, na viatu vizito, na tochi ndogo aliyoishika mdomoni alipoingiza kichwa ndani ya injini. Alikagua tangu asubuhi. Kwenye mabawa alitembeza kiganja polepole, akapigapiga, akainamisha sikio. Mama Marthe alisimama karibu na mlango akiwa amefunga kitenge chake cha kanisani. Ba Lackson alisimama karibu naye.

"Nani ameshona?" Suwilanji aliuliza kwa Kibemba.

Watu wote walimsonta Mama Marthe, hata Ba Lackson.

"Ni imara," alisema mkaguzi. "Kwanza baba ataruka peke yake, masaa yote niliyomwandikia. Yakiisha bila matatizo, anaweza kubeba mtu mmoja. Lakini asizidi uzito. Mumpime."

Papa Mulumba akaruka peke yake siku nyingi. Mji mzima ulizoea sauti ile, na mbuzi wa kiwanja cha ndege, kile kiwanja cha udongo mwekundu, walijifunza kujiondoa wenyewe. Masaa yalipotimia, ikaja habari ya kupima. Mizani ya kupima mtu ilikuwa ya kliniki, na kliniki ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo walikwenda sokoni, kwenye mizani ya kuning'inia ya magunia ya samaki. Mama Marthe alikaa ndani ya gunia la nailoni, ameshika kamba juu, miguu inaning'inia, na soko lote lilisimama kumtazama.

"Bei gani kilo?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Huyu si wa kuuza, ameagizwa," Brigitte akajibu.

Mshale ukatetemeka, ukasimama chini kidogo tu ya alama aliyoisema mkaguzi. Papa Mulumba akatikisa kichwa kukubali, lakini akanyoosha kidole kwenye kikapu alichokuwa nacho Mama Marthe, chenye mihogo ya kuchemsha, samaki wawili aina ya mpale wa kukaanga na chupa ya maji.

"Ile inabaki."

"Sasa tukisikia njaa kule juu?"

"Mama, tutarudi mbele ya njaa."

Asubuhi ya safari kulikuwa na baridi ya Juni, na ziwa lilikuwa tulivu. Mama Marthe alifika amevaa sweta mbili. Ba Lackson alimtazama juu mpaka chini, akavua koti lake la ngozi, lile la kuvulia usiku, ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona likitoka mwilini mwake.

"Vaa. Juu kule hakuna moto."

"Na uzito?"

"Vua sweta moja. Na usinirudishie likinuka unga wa mihogo."

"Litanuka vizuri kuliko sasa," alisema Mama Marthe, akalivaa, na mikono ikamfikia kwenye vidole.

Walimsukuma kutoka chini, watu watatu na Brigitte anayetoa maelekezo, mpaka akatua kwenye kiti cha nyuma. Papa Mulumba alimfunga mikanda. Injini ikaunguruma, vumbi likaruka, kiwanja kikaanza kukimbia chini yao, kikagonga, kikagonga, halafu hakikugonga tena.

Mama Marthe hakutazama chini. Alitazama bawa la kushoto. Lilikuwa pale mbele ya macho yake, upepo mzima wa dunia ukipita juu yake, na mafundo yake yote yamejipanga chini ya rangi kama mbegu za maboga. Aliyahesabu moja moja. Kila ubavu, kila mstari. Hili limekaa, na hili limekaa. Kufika karibu na ncha akaona kitu kinachocheza. Ulikuwa ni mkia wa uzi, urefu wa kidole, aliousahau kuukata, na sasa ulikuwa unapigapiga kitani haraka haraka kama mdudu. Uzi ukifunguka, fundo litafunguka; fundo likifunguka, la pili litafuata; aliona mabawa yote yamevuliwa nguo na yeye na Papa Mulumba wanashuka ziwani na koti la watu.

Papa Mulumba alipiga kelele mbele, akionyesha kwa mkono: mitumbwi, Kilwa, moshi wa vijiji vya kisiwani. Mama Marthe aliitika eeh, eeh, macho yake kwenye uzi. Uzi ulicheza lakini haukurefuka. Alisubiri. Haukurefuka. Fundo lilikuwa limeushika, na yeye alilijua fundo lile.

Ndipo ndege ikageuka. Bawa la kushoto lilishuka chini polepole kama mtu anayeinamisha sahani, na nyuma ya bawa, juu kidogo ya ule uzi, pale pale alipokuwa anatazama, ng'ambo ikatokea. Ufukwe mweupe. Kijani cha miti. Na mlima, wa bluu, na pengo lake.

Ulikuwa mdogo. Alikuwa amekaa nao kichwani miaka yote hiyo ukizidi kukua, na kumbe ulikuwa mlima wa kiasi chake. Juu ya pengo kulikuwa na wingu jembamba, na chini kulikuwa na moshi wa mtu anayepika au anayechoma shamba. Mtu anaishi pale. Mama Marthe alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili ndani ya mikono mirefu ya koti, na upepo ukamfuta machozi kabla hayajashuka, ukayapeleka nyuma kwenye mkia. Halafu bawa likainuka, na mlima ukaenda zake.

Walipotua, watu walikimbilia ndege kabla injini haijanyamaza vizuri. Brigitte alikuwa wa kwanza.

"Uliuona?"

"Niliuona."

"Uko namna gani?"

Mama Marthe alifikiri. Alikuwa bado amekaa, mikanda imemshika, kilemba kimehamia nyuma ya shingo.

"Uko pale," alisema. "Batu beko banapika. Uko muzuri, na hauna haja na mi."

Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayeleta habari za jamaa aliyepona. Halafu akaanza kujifungua mikanda kwa haraka. Ba Lackson alikuwa tayari ameweka mguu mmoja kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Haya, shuka, Bamayo. Zamu yangu."

"We kwanza ukapimwe na samaki. Na hata ukipita, bado. Shuka pa ngazi."

"Kwa nini tena?"

"Brigitte! Niletee makasi."

Makasi yakaletwa. Mama Marthe alishuka, akaivuta ngazi mpaka kwenye ncha ya bawa la kushoto, akapanda akiwa ndani ya koti la Ba Lackson, na watu wote wakasogea karibu wasijue anafanya nini. Aliutafuta mkia wa uzi kwa kidole, akaukata karibu kabisa na fundo, akalipapasa fundo lenyewe, akaliacha.

"Sasa," alisema, "kapimwe."